Sakafu Yenye Kiu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku aligonga ukuta mara tatu. Upande wa pili mwenzake alijibu kwa kugonga mara mbili, maana yake ameamka na anatafuta kandambili zake. Akigonga mara moja tu, maana yake ametafuta na hajaziona, kwa hiyo Chiriku aende haraka kabla mama mtu hajaanza kufoka.

Wasichana hao wawili walizaliwa wiki moja, katika nyumba ile ile ya kupanga, chumba kwa chumba. Ndiyo maana mmoja aliitwa Pacha. Huyu mwingine jina la Chiriku alipewa na baba yake, mchomeleaji wa vyuma, aliyesema kwamba hata mashine yake ya kuchomelea hupumzika, lakini mdomo wa binti yake haujawahi kupoa. Chiriku hakuudhika. Aliona ni sifa.

Likizo hiyo, hata hivyo, maongezi ya ukutani yalikuwa yanahesabiwa. Mwenye nyumba alikuwa amewaambia wazazi wa Chiriku kwamba anakihitaji chumba chao, mwanawe anarudi na mke. Mwisho wa mwezi wahame. Na pa kuhamia palikuwapo, kwa sababu baba na mama walikuwa wamejenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, hadi nyumba ikapata bati. Dari haikuwapo. Milango ya ndani haikuwapo. Madirisha yalikuwa na nondo alizochomelea baba kwa vyuma vilivyobaki kazini. Dirisha moja lilikuwa na maua, la pili miraba, na la tatu mistari mitupu, kwa sababu vyuma viliisha.

Kilichobaki kabla ya kuhama kilikuwa sakafu ya chumba kikubwa. Aliimwaga fundi mwashi mmoja, rafiki wa baba tangu ujana wao, ambaye watu walimwita Pimamaji kwa kuwa hakuachana na kipimo chake cha usawa, pimamaji, hata akienda kunywa chai. Siku hiyo baba alikuwa kazini. Fundi alipomaliza, alitandaza magunia juu ya saruji, akamwita Chiriku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, mama. Saruji changa ina kiu kama mtoto mchanga. Tofauti ni kwamba hii hailii. Ukiisahau, haitakuita. Kwa hiyo kila asubuhi na kila alasiri, uyaloweshe magunia haya yote, mpaka pembeni kule. Yasikauke mpaka baba yako ayatoe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mjomba. Nitainywesha mpaka iteme."

Fundi akacheka, akampa ufunguo.

Siku za mwanzo Chiriku alifanya kazi kama alivyoagizwa. Alivuka barabara kubwa, akapita penye karakana, akakata njia ya majani hadi kwenye viwanja vipya. Huko hapakuwa na mtu. Kulikuwa na matofali yaliyopangwa na kuachwa, misingi iliyoota nyasi, na nyumba yao peke yake ikiwa imesimama katikati. Alichota maji kwenye pipa, akamwaga, akachota tena. Hapakuwa na wa kumwambia kwamba ndoo inamwagika, wala wa kumcheka alipoteleza.

Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Hodi!" Sauti yake ikazunguka chini ya bati na kumrudia. Akajijibu mwenyewe, "Karibu!" Nayo ikamrudia. Mwanzoni ilimchekesha. Alipojaribu mara ya pili hakucheka. Aligonga ukuta mara tatu kwa mazoea, na tofali likamchubua kidole. Alijisikia kulia, akaona haya kulia mbele ya magunia.

Kesho yake alasiri Pacha alikuwa amejifunza msuko mpya na alihitaji kichwa cha kufanyia mazoezi. Kichwa kilichokuwapo ni cha Chiriku. Ulipofika wakati wa kwenda kumwagilia, upande mmoja wa nywele ulikuwa umesukwa na mwingine umesimama wima.

"Sasa utatoka hivyo?" Pacha aliuliza. "Watu watadhani umekimbia kinyozi."

"Lazima niende."

"Nenda baadaye. Siku zenyewe zimebaki hizi tu."

Chiriku akakaa. Alipofika kwenye nyumba mpya jua lilikuwa limeshuka, na alikuwa bado anatafuta ndoo aliposikia kengele ya baiskeli ya baba akitoka kazini. Akayamwagia maji haraka magunia ya mlangoni. Baba alichungulia, akaona magunia yaliyo mbele yake yamelowa chapachapa.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia, baba."

"Mpaka pembeni?"

"Mpaka pembeni."

"Safi sana. Nyumba hii ni yako, ujue." Akampakia nyuma ya baiskeli wakarudi.

Uongo wa kwanza ulimkaa kooni. Wa pili ulipita vizuri kidogo. Baada ya hapo hakwenda asubuhi tena, na alasiri alienda amechelewa, akamwaga ndoo moja mlangoni, akamsubiri baba. Ndani kule, chini ya joto la bati na upepo wa madirisha yasiyo na vioo, magunia yalikauka yakawa makavu kama ngozi ya ngoma. Jambo moja tu lilimshangaza. Hata alipokuwa na Pacha, hakuwa na raha. Alikuwa na neno asiloweza kumwambia mtu, hata yule wa upande wa pili wa ukuta.

Baba aliyatoa magunia jioni moja gizagiza likianza kuingia, akadhani ukavu wa yale ya ndani ni wa joto la siku hiyo, akayarundika nje. Kesho yake, Jumamosi, familia nzima ilikwenda kufanya usafi. Fundi Pimamaji naye alikuwapo, anafunga fremu ya mlango. Mama alishika ufagio, akafagia chumba kikubwa. Vumbi la kijivu likapanda. Akafagia tena, likapanda vile vile. Akamwaga maji kidogo, akangoja yakauke, akafagia mara ya tatu.

"Jamani, vumbi hili linatoka wapi?" Mama alipiga chafya. "Au mmeniletea ufagio wa jivu?"

Baba alichuchumaa katikati ya chumba, akapitisha kidole sakafuni. Kidole kikawa kijivu. Akakwaruza kwa ukucha, na sakafu ikamomonyoka. Halikuwa vumbi la nje. Sakafu yenyewe ndiyo iliyokuwa inageuka unga.

"Pimamaji," aliita, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Mifuko ya saruji niliyokuachia, yote iliingia humu?"

Fundi aliweka nyundo chini. "Yote. Kwa nini?"

"Kwa sababu huu ni mchanga mtupu. Mwanangu ameimwagilia kila siku, nimeona kwa macho yangu. Umenichakachulia, rafiki yangu. Mimi, wa kunichakachulia mimi!"

Fundi alichukua msumari, akakwaruza sakafu ya mlangoni. Msumari uliteleza tu. Akaenda katikati, akakwaruza, ukazama. Alisimama akiutazama msumari wake. Kisha akamtazama Chiriku, mara moja tu, naye Chiriku akayakodolea macho madirisha.

"Saruji yako niliitia yote," fundi alisema taratibu. "Kama huniamini, basi." Akakusanya mwiko na nyundo yake, akaondoka kwa njia ya majani. Alikuwa ameghadhibika kiasi kwamba pimamaji yake ilibaki dirishani.

Waliporudi nyumbani, Chiriku alikwenda kujificha chumbani kwa Pacha. Pacha alikuwa anamfumua misuko ya juzi ili aanze upya, na alizungumza peke yake kwa muda.

"Mbona leo umenyamaza?" aliuliza hatimaye. "Unaumwa?"

Chiriku akatikisa kichwa. Uani, nje ya dirisha, baba yake Pacha alikuwa anaongea na baba yake Chiriku. Jirani huyo alisema anataka kumjengea mama yake mzazi nyumba ndogo, na alikuwa amepanga kumpa kazi Pimamaji.

"Huyo?" Baba alisema. "Usimpe hata banda la kuku. Kaniibia mchana kweupe."

"Pimamaji? Unasema kweli?"

"Nimeiona sakafu kwa macho yangu."

Chiriku aliiona kazi ya mjomba ikimponyoka, na jina lake likichafuka uani pale, kisha karakanani, kisha mtaa mzima. Yote hayo kwa sababu ya ndoo chache za maji. Akasimama, kitana kikiwa bado kichwani, akatoka nje.

"Baba, si yeye."

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Si yeye, baba. Ni mimi. Sikumwagilia. Nilikuwa ninalowesha pale mlangoni tu, unapochungulia. Huko ndani sikumwagilia."

Mama alitoka chumbani na nguo aliyokuwa anaikunja mkononi.

"Kwa nini, mwanangu?" mama aliuliza.

Chiriku alianza kulia, na safari hii hakuona haya. "Kule niko peke yangu, mama. Nasema hodi, najijibu mwenyewe. Nagonga ukuta, hakuna mtu. Na huku siku zinakwisha. Nilitaka kukaa na Pacha kabla hatujaenda."

Baba alijipangusa uso kwa kiganja. Kisha akamgeukia jirani yake. "Nilichokuambia kuhusu Pimamaji kifute. Kifute chote. Nimemsingizia mtu." Akamwambia Chiriku, "Vaa viatu. Twende tukamwombe radhi. Wewe lako, mimi langu."

Walipitia nyumba mpya kuchukua pimamaji, na Chiriku akaibeba kwa mikono miwili njia nzima. Baba hakumgombeza. Hilo lilimuuma zaidi.

Walimkuta fundi ameketi kizingitini, anaosha mwiko uliokuwa umeshatakata zamani. Aliipokea pimamaji, akaifuta kwa shati lake. Chiriku alisema yote, tangu nusu ya kichwa iliyosukwa hadi ndoo ya mlangoni. Baba naye akasema, "Ndugu yangu, nilikuita mwizi mbele ya mke wangu na mtoto wangu. Nisamehe."

"Nilijua," fundi alisema.

"Ulijua nini, mjomba?"

"Kwamba pale mlangoni sakafu ilikunywa na huku ndani haikunywa. Msumari uliniambia. Saruji ni moja, siku ni moja, mkono ni mmoja. Kilichotofautiana ni maji."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Baba yako alikuwa ameshapandisha hasira, ungechapwa palepale." Alimtazama baba kwa jicho la utani. "Halafu nikajiambia, huyu Chiriku atanyamaza mpaka lini? Atapasuka!"

Baba akacheka kwa aibu. Chiriku alicheka na machozi yakimtiririka.

Fundi alieleza kwamba sehemu ya ndani itabidi ichimbuliwe na kumwagwa upya, na kwamba saruji ya pili haitaanguka kutoka mbinguni. Baba akasema dari isubiri, pesa yake inunue saruji. Kwa hiyo siku ya kuhama ilipofika walihamia kwenye chumba kidogo wote, pamoja na masufuria, baiskeli na kabati, huku chumba kikubwa kikiwa kimefunikwa magunia upya. Pacha aliwasaidia kubeba vyombo hadi kwenye mkokoteni. Kabla ya mkokoteni kuondoka, Pacha aliingia chumbani kwao akagonga ukuta mara tatu, naye Chiriku, aliyekuwa ndani ya chumba kitupu, akagonga mara mbili. Hawakuagana kwa maneno.

Alasiri hiyo, katika nyumba mpya, mama alikuwa nje anawasha jiko. Chiriku alikaa juu ya godoro lililokunjwa. Nje hapakusikika hata mtoto mmoja. Alimkumbuka Pacha. Akageukia ukuta, akagonga mara tatu, polepole, kwa sababu tofali alikwisha kulijua. Hakutegemea kitu.

Ukuta ukajibu. Uligongwa mara tano au sita, ovyo ovyo, kama mtu anayepigilia msumari.

"Nani?" Chiriku aliruka.

"Mimi," sauti ya baba ilitoka chumba kikubwa. "Maji yameisha huku. Lete ndoo, Chiriku, sakafu yako ina kiu."

Alipoingia na ndoo alimkuta baba amekunja suruali hadi magotini, anayalowesha magunia ya pembeni kabisa. Walimwagilia pamoja, kuanzia ndani kuja mlangoni. Walipomaliza, baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nilikosa kwa kukutuma peke yako huku bila kukuuliza unajisikiaje," alisema. "Wewe ulikosa kwa kunidanganya. Ungesema, 'Baba, kule naogopa upweke,' mama yako angekuja, au Pacha angekuja, au mimi ningeacha kuchungulia nikaingia ndani. Ulipodanganya ukabaki peke yako kabisa, na ukataka kumwacha mjomba wako peke yake pia. Siku nyingine ukizidiwa, sema. Ukweli wako utakuletea mtu."

"Nitasema, baba."

"Najua utasema. Wewe kunyamaza ndiko kumenishangaza." Baba alisimama akajinyoosha. "Haya, nifundishe. Kugonga mara tatu maana yake nini?"

"Maana yake, upo?"

"Na mara mbili?"

"Nipo, natafuta kandambili."

Baba aliitazama miguu yake iliyolowa, akatazama huku na huku, kandambili moja haikuonekana. Akanyoosha mkono, akagonga ukuta mara mbili.