Samaki Waliojileta

Kila asubuhi Bernadina na mumewe Piusi walishuka ziwani Eyasi kutega kambare. Kwao ni Karatu, na wao ni wakulima. Mwaka ule mvua zilipokataa, mahindi yalikauka, wakahamia Mang'ola, kando ya ziwa, kwa ndugu. Samaki waliwajulia ukubwani. Waliwakausha kwa moshi na kuwapeleka mnadani Karatu. Mnene kuliko wote alikuwa wa binti yao Lusia, aliyeolewa huko na sasa alikuwa mjamzito.

Asubuhi moja ziwa lilikuwa kimya. Maji yamegeuka kijani, mazito kama rangi ya mlango. Samaki wengi walielea, matumbo juu. Ndege wamelala mchangani, shingo zimepinda. Hata fisi hakuja kula.

"Leo wamejileta wenyewe," alisema Piusi. Sauti yake ilimshtua mwenyewe.

"Mungu katupa," alijibu Bernadina. "Ng'ombe akijifia, si tunamchemsha sana tunakula? Wazazi wetu walikula nyamafu, na hawakufa."

Walijaza gunia. Nyumbani Bernadina aliwapasua, akatupa matumbo, mbwa wao akala. Kabla moto haujashika, mbwa alianza kuzunguka. Alizunguka, akazunguka, akikodolea macho kitu wasichokiona. Hakubweka. Bernadina alimwita, hakusikia. Miguu ikamwisha nguvu, akaanguka, akafa.

Metui, bwana afya, alikuwa akipita na baiskeli. Alizaliwa Nainokanoka, kwa wafugaji.

"Mama, zima moto," alisema. "Samaki hawa mmewatoa wapi?"

"Wewe Mmasai, hata samaki huli!" Piusi alimtania, lakini macho yake yalikuwa kwa mbwa.

"Siwali. Ila maji nayajua. Kwetu maji yakigeuka kijani hivi, ng'ombe wakinywa hawafiki bomani. Ni sumu, mzee. Imeingia kwenye samaki."

"Nikiwachemsha mpaka jioni?" aliuliza Bernadina.

"Moto unaua vijidudu. Sumu hii haiogopi moto, wala moshi, wala chumvi. Samaki aliyejifia haliwi, hauzwi. Vua aliye hai, kwenye maji safi. Sasa acheni mitego nyumbani mpaka tuseme ziwa limepona. Na mtu asinywe maji yale, wala mifugo."

Bernadina alitazama gunia. Juu yake alikuwa amemtenga samaki mmoja mnene, amemfunga kwa jani la mgomba. Wa Lusia. Barabarani lori la Karatu lilikuwa likipiga honi. Maishani mwake hakuwahi kuogopa vile.

"Piusi, lete jembe."

Walichimba shimo refu, mbali na kisima, wakawafukia samaki wote pamoja na mbwa. Lori likaondoka bila wao. Siku zile walikula ugali na kunde, na siku nyingine kunde tupu.

Mvua zikaja, maji yakasafika, ndege wakarudi. Metui alipowaruhusu, walitega tena. Bernadina alikwenda mnadani na ndoo ya maji safi, kambare wazima ndani.

Mteja mmoja alichungulia, akaruka nyuma. "Mama! Mbona wanatikisika?"

"Asiyetikisika simuuzi."

Lusia alikuja, mtoto mgongoni. "Mama, nipe yule mkubwa."

Bernadina aliinama juu ya ndoo, akangoja. Kambare alipopiga mkia, ndipo akamtoa.