Mwanakheir Hatii Saini

“Mwambie umekosea wewe!”

Mzee Nahodha aliyasema hayo kwa Kiswahili huku akimchekea mgeni wake, kama anayemkaribisha chakula. Mgeni, Bwana Lehmann kutoka Ujerumani Mashariki, hakucheka. Alikuwa ametoka ghalani dakika ile ile, na juu ya meza, kati ya vikombe vya kahawa, alikuwa amemwaga konzi ya karafuu laini, nyekundu bado, hazijaonja jua la kutosha.

Kati ya watu wawili hao alikaa Mwanakheir binti Miraji, mkalimani wa ofisi ile ya kuuza karafuu nje aliyoiongoza Mzee Nahodha, pale Malindi ya Unguja. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1969.

“Nimwambie nimekosea nini, Mzee?”

“Kwamba aliuliza, mimi nikajibu vyengine, wewe ukamwambia ndiyo. Kwani tabu iko wapi? Msichana akikosea, watu husamehe.”

“Hukujibu vyengine. Ulisema ‘inshallah’. Na mimi nikamwambia hivyo hivyo, Mungu akipenda.”

“Sasa inshallah ndiyo ‘ndiyo’? Nani kakufundisha Kiswahili, mwanangu?”

Bwana Lehmann aligonga meza kwa kidole.

“Anasema nini?” aliuliza kwa Kijerumani. “Mwezi uliopita niliuliza swali moja tu. Tani themanini zitakuwa tayari tarehe ishirini, ndiyo au hapana? Nikaandika ndiyo. Meli inafika baada ya siku kumi, na ghalani karafuu kavu hazifiki nusu!”

Mwanakheir alikumbuka siku ile vizuri. Iko inshallah ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu, na iko inshallah ya mtu anayeona haya kumwambia mgeni hapana akiwa mezani kwake. Mzee Nahodha aliivuta yake ndefu, macho yamo ndani ya kikombe. Mtu yeyote wa Unguja angeondoka pale akijua kwamba hapana karafuu. Bwana Lehmann alichomoa kalamu akaandika ndiyo.

“Bwana, naomba unipe mpaka Jumamosi,” alimjibu Mjerumani. “Utapata maelezo.”

Mgeni alipotoka, kicheko cha Mzee Nahodha kilitoka naye.

“Jumamosi saa nne utaniletea barua yenye saini yako. Utaandika kuwa uliongeza neno lako. Ukikataa, mimi nitaandika kuwa umepindua maneno ya wakubwa mbele ya mgeni wa nje. Unalijua neno hilo lina uzito gani siku hizi?”

Alilijua. Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miaka sita, na neno kupindua halikuwa la kuchezea.

Pembeni, daftari la ghala mapajani, alikaa Msabah. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ghala, na ndiye aliyekuwa akimpenda Mwanakheir mwaka wa pili sasa. Zaidi ya hayo, asubuhi ya kikao cha mwezi uliopita, ambacho naye alihudhuria, alimwambia Mzee Nahodha kwa kinywa chake kwamba mvua za vuli zimewahi na karafuu hazitakauka.

Mwanakheir alimtazama. Msabah alifungua daftari akaanza kusoma ukurasa mtupu.

*

Ghalani wanawake walikuwa wamekaa juu ya majamvi wakichambua vikonyo kutoka kwenye karafuu. Mwanakheir alimkuta Msabah mlangoni.

“Utasema?”

“Sauti yako, bibie. Watu wanasikia.”

“Nnataka wasikie. Jumamosi utasema kwamba ulimwambia mapema?”

Msabah alipangusa mikono kwenye suruali.

“Inshallah.”

“Wewe!” Mwanakheir alimnyooshea kidole. “Hiyo usinipe mimi. Mimi nalipwa kuijua hiyo.”

Tabia, mchambuaji aliyekaa karibu na mlango, aliangua kicheko.

“Umepatikana leo, Msabah! Umemuuzia duka mwenye duka!”

“Chambua vikonyo vyako, Tabia.” Akashusha sauti. “Mwanakheir, nisikilize. Mzee Nahodha ni ami yangu. Ndiye aliyenilea, na ndiye atakayekuja kwenu kuniposea. Nikimuaibisha mbele ya Mzungu, nani atakuja kwenu Mlandege? Tia saini. Wiki mbili watu watasema, wiki ya tatu watasahau. Sisi tutakuwa tushaoana.”

“Kwa hivyo mahari yangu ni uwongo?”

“Nnakupenda, wallahi.”

“Najua unanipenda. Sikukuuliza hilo.”

Alijitanda buibui lake akaondoka. Nyuma yake alimsikia Tabia akisema taratibu, kama anayezungumza na karafuu, “Mwanamme akiwa laini namna hii aanikwe.”

Siku ya pili, Alkhamisi, simu ya mezani kwake ililia.

“Naam?”

“Mimi.”

“Ghala na ofisi ni hatua arubaini, Msabah. Unanipigia simu?”

“Siwezi kukutazama usoni. Ami amekubali. Ukitia saini tu, Ijumaa ijayo anakuja kwenu na wazee watatu. Kanituma nikwambie.”

“Na nisipotia?”

Msabah alisikika akifunua kurasa za daftari.

“Basi umeshajibu,” alisema Mwanakheir.

Alasiri Tabia alimletea cheti, kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. *Mpenzi wangu, ni jina tu juu ya karatasi. Yapite haya. Wako, Msabah.*

Mwanakheir aliandika nyuma yake: *Jina hilo nimepewa na baba yangu, sina jengine. Wewe ulikuwemo chumbani. Ulisikia. Ukija Jumamosi njoo na kinywa chako, au usije kabisa, wala Mlandege usije.*

Alipokwisha kumpa Tabia aliingia chooni akalia. Alimpenda mtu yule. Alipenda anavyoiponda karafuu kwa ukucha na kujua imekauka kiasi gani, na anavyoona haya akisifiwa. Haya zile zile ndizo zilizokuwa zikimuua Mwanakheir sasa.

*

Jumamosi Bwana Lehmann alifika kabla ya saa nne, kama kawaida yake, akaweka karatasi mezani kabla hajasalimu, kama kawaida yake pia. Mzee Nahodha alikuwa katika kanzu safi. Msabah aliingia mwisho akakaa karibu na mlango. Hakumtazama mtu.

“Haya, soma barua yako,” alisema Mzee Nahodha.

“Sina barua, Mzee.”

“Unasema?”

“Sikuiandika. Naomba ruhusa niseme kwa Kiswahili kisha kwa Kijerumani, maneno yale yale, ili asiwepo wa kusema sikusikia.”

Hakungoja ruhusa.

“Nilipokwenda kusoma Ujerumani, mwenyeji wangu alinikaribisha chakula siku ya kwanza. Nikamwambia hapana, ahsante. Nilikuwa na njaa sijala tangu jana! Lakini kwetu mtu hapokei mara ya kwanza. Hungoja ashikiliwe. Yule bibi akasema sawa, akaondoa sahani. Nikalala na njaa. Yeye hakunikosea, wala mimi sikumdanganya. Kila mmoja alisema kwa adabu za kwao.”

Alipoyageuza kwa Kijerumani, uso wa Bwana Lehmann ulilegea kidogo.

“Bwana Lehmann, siku ile uliuliza ndiyo au hapana hata kahawa hujaimaliza. Mkubwa wangu hawezi kumwambia mgeni hapana usoni. Kwetu huo ni ufidhuli. Akakwambia inshallah, akidhani umeelewa. Mzee Nahodha, mgeni wako hajui haya zako. Kwao mtu asiyesema hapana amekubali. Kosa langu mimi ni moja na ninalikiri: nililifasiri neno nikaiacha sauti. Niliisikia hapana yako, nikaogopa kuitamka badala yako. Hilo naliomba radhi kwenu nyote wawili. Lakini kwamba niliongeza neno, kwamba nilipindua, hilo sikulifanya, wala sitii saini. Leo sitii, kesho sitii.”

“Toka!” Mzee Nahodha alisimama. “Nani alikwambia mimi nilijua karafuu hazitakauka? Nilikuwa nikitegemea jua!”

“Mimi nilikwambia, ami.”

Sauti ilitoka karibu na mlango. Msabah alikuwa amesimama, daftari kifuani, uso mwekundu kama karafuu isiyokauka.

“Kaa kitako, Msabah.”

“Nimekaa siku tatu. Asubuhi ile nilikuja hapa, nikakwambia vuli imewahi, tani themanini hazipatikani kabla ya Disemba. Ukasema mgeni havunjwi moyo. Mwanakheir hakuongeza kitu.” Alimgeukia msichana. “Mfasirie. Yote.”

“Yote?”

“Na hilo la kuwa nilikaa siku tatu.”

Mwanakheir alifasiri yote, na la siku tatu hakulipunguza.

Bwana Lehmann alivua miwani akaifuta. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike Unguja, aliisukuma karatasi yake upande, akavuta kikombe cha kahawa.

“Muulize huyu kijana, zilizokauka ni tani ngapi?”

“Thelathini na tano,” alijibu Msabah. “Nyengine mwisho wa Disemba.”

“Thelathini na tano naweza kuzipakia sasa, na meli nyengine nikaipangia Januari. Kwa nini hakuna aliyeniambia mwezi uliopita?”

Mwanakheir alimfasiria Mzee Nahodha. Mzee alikaa taratibu. Alikitazama kikombe chake, kisha akamtazama mgeni machoni.

“Mwambie,” alisema, na kila neno lilimtoka kama mwiba unaochomolewa, “tarehe ishirini... hapana. Januari, ndiyo.”

Mkataba ukaandikwa upya. Mgeni alipokwisha kwenda zake, Mzee Nahodha alizungumza huku akitazama dirishani.

“Mwanakheir, chumba hiki huingii tena. Kuanzia Jumatatu utapiga chapa za magunia.”

“Nitapiga, Mzee. Chapa hazisemi uwongo.”

“Na wewe Msabah, tafuta mwengine wa kukuposea. Mimi sina mwana.”

“Shikamoo, ami,” alisema Msabah. Ndiyo kuaga kwake. Marahaba haikuja.

*

Jumapili baada ya sala ya alasiri Mzee Miraji, fundi cherehani wa Mlandege, aliinua macho kutoka kwenye kazi yake akamwona kijana mlangoni, peke yake, mikono mitupu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Unataka kushona?”

“Nataka kuoa. Nimekuja kumposa Mwanakheir.”

Cherehani ilisimama. Nyuma ya pazia Bi Time, mama yake Mwanakheir, alimshika bintiye mkono. “Yarabi! Mtu anajiposea mwenyewe? Mchana kweupe?”

“Wazee wako wako wapi?” aliuliza Mzee Miraji.

“Aliyenilea amenikataa jana, kwa sababu nilisema kweli, nayo nilichelewa kuisema. Ningeweza kukodi wazee wa barazani waje waseme maneno mazuri. Nimeona bora unione mwenyewe. Nilimwacha mwanao peke yake siku tatu, Mzee. Hilo ulijue kabla hujajibu. Sitamwacha tena.”

“Wewe si mjuzi wa kuposa, kijana. Watu huja kusifu, hawaji kujishitaki.”

“Ndiyo, Mzee.”

Mzee Miraji alikata uzi kwa meno akafikiri. Kisha akapaza sauti upande wa pazia, “Mwanakheir! Umesikia?”

Bi Time akamnong'oneza haraka, “Nyamaza! Mwari akinyamaza ndiyo ameridhia. Ndiyo desturi. Usifungue kinywa!”

“Nshanyamaza mara moja mwaka huu, mama. Meli ikaitiwa mzigo usiokuwepo.”

“Mwanakheir!”

Lakini alikwisha kulivuta pazia. Alitoka na kanga yake ya nyumbani, wino wa ofisini bado uko kwenye kidole, akasimama mbele ya baba yake na mbele ya kijana aliyekuwa ameinamisha kichwa. Njiani watu wawili waliokuwa wakipita walisimama.

“Nitazame, Msabah.”

Msabah aliinua macho.

“Siku tatu zile zimeniuma, na bado zinaniuma. Utakuja kuzisikia kwangu mara nyengine, usidhani zimekwisha.”

“Nitazisikia.”

“Baba, nimekubali,” alisema kwa sauti iliyofika dukani kwa jirani. “Nimemkubali huyu, kwa kinywa changu. Nimesikika, au nirudie?”

“Umesikika mpaka Darajani,” alisema Mzee Miraji, na akasogeza kiti cha pili karibu na cherehani. “Kaa, bwana harusi. Tuseme siku.”