Hadubini Sita

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa tatu na robo asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Saa hiyo Wino alikuwa dukani kwake mkabala na stendi ya mabasi, akibadilisha kasha la wino kwenye printa na kupiga mluzi kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Hakujua kwamba vituo vitatu tu kutoka hapo, kwenye darasa la sita lenye watoto themanini na wanne, mwanamke anayempenda alikuwa amesimama mbele ya mkaguzi.

"Mwalimu," mkaguzi alisema, akigonga karatasi kwa kalamu, "andalio lako la somo linasema makundi sita, hadubini sita. Mimi hapa naona vipande vya plastiki na maji kwenye kikombe. Hadubini ziko wapi?"

"Hadubini?" Mwalimu akaipokea karatasi. Jina lake lilikuwa juu. Mada yake ilikuwepo: viumbe vidogo tusivyoviona kwa macho. Chini ya hapo hakutambua hata mstari mmoja. "Mheshimiwa, hili silo nililoandika."

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umesaini uongo."

Watoto wa nyuma wakacheka, kama watoto wanavyocheka mkubwa wao akigombezwa. Mkaguzi akaandika mistari mitatu kwenye daftari lake, akapanda gari la ofisi lenye kiyoyozi, akaenda zake. Hakuuliza zile plastiki ni za nini. Angeuliza angeonyeshwa: tone la maji juu ya plastiki angavu hukuza kitu, na ukungu wa mkate ukiwekwa chini yake huonekana kama msitu. Lakini mkubwa huuliza karatasi, haulizi mtu.

Na haya yote walioyaanzisha ni wakubwa hao hao. Miezi miwili nyuma ofisi ya elimu ilitoa waraka: kuanzia sasa kila mwalimu aandae masomo yake kwa msaada wa akili bandia, na kila Ijumaa alete maandalio yaliyochapwa. Waraka ulizinduliwa kwa maturubai, maji ya chupa na hotuba nne. Bando la intaneti halikutajwa. Karatasi hazikutajwa. Mwalimu ajijue.

Ndiyo maana Ijumaa ya kwanza foleni ya walimu ilitoka dukani kwa Wino ikafika barabarani, mpaka mpiga debe mmoja akaja kuwauliza basi lao linaondoka saa ngapi. Katikati ya joto lile na kelele za honi, mwanamke mwenye gauni la bluu la maua madogo akajipenyeza hadi kaunta. Kiwiko chake kilikuwa na vumbi la chaki, na kamba ya mkoba wake ilishikwa kwa pini.

"Kaka, mimi nina kurasa mbili tu."

"Dada, wote hapa wana kurasa mbili tu. Zikijumlishwa ni kitabu kizima."

"Basi nionee huruma."

"Huruma imeisha asubuhi. Imebaki foleni."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa akiiba sukari, akarudi nyuma bila kinyongo. Zamu yake ilipofika, Wino akaisoma kazi yake, maana Wino alikuwa anasoma kila kinachopita mikononi mwake. Walimu kumi na mmoja waliotangulia walikuwa wameleta andalio lile lile, hata pale penye "andika jina la shule yako hapa" wameacha vilevile. La huyu lilikuwa na watoto themanini na wanne, madawati ishirini na moja na ndoo moja.

"Hili nalo limeandikwa na mashine?"

"Limeandikwa na ugomvi. Mwanzo ilinipa kompyuta kwa kila mtoto. Nikaiambia, wewe, darasa langu halina hata dirisha upande wa kushoto. Ikaomba radhi, ikapunguza ikanipa kompyuta tano. Nikaanza upya. Siku ya tatu ndipo ilipolijua darasa langu, na hapo ikanisaidia kweli, sikatai."

"Siku tatu! Mimi mtu asiponielewa mara mbili namfungia duka."

"Ndiyo maana uko peke yako?"

Alikuwa anatania. Kwa Wino haukuwa utani. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, hospitalini, wakati mashine ya kupumulia iko stoo ndani ya nailoni yake, inasubiri mgeni rasmi aje aizindue. Akamweleza hivyo hivyo, watu wamejaa, printa inanguruma. Mwalimu hakukimbilia kusema pole. Aliuliza, "Waliizindua?"

"Baada ya wiki mbili. Walikata utepe."

Mwalimu akaweka mkono juu ya kaunta, karibu na mkono wake, akauacha hapo mpaka karatasi ya pili ikatoka. Wino alikuwa hajashikwa namna hiyo, bila kuguswa, tangu msibani.

Kuanzia siku hiyo Ijumaa zikawa mbali. Akawa anafungua duka mapema, anafagia palipofagiwa, anachungulia kituoni kila basi likisimama. Tatizo lilikuwa moja: yeye aliishia darasa la saba, na huyu ni mwalimu, mtu wa kusahihisha. Angemwandikia nini? Kwenye kompyuta ya dukani ile akili bandia ilikuwepo, walimu wenyewe walimwekea. Akaiandikia: tunga ujumbe wa mapenzi kwa mwalimu mwenye akili. Ikatunga. Akatuma. Kesho yake akaagiza mwingine.

"We Wino," Mwalimu alimpigia siku moja wakati wa mapumziko, kelele za watoto nyuma yake, "hivi ni wewe uliyeandika kwamba uwepo wangu ni nuru inayoangaza njia za moyo wako?"

"Kwani nani mwingine?"

"Kwenye simu unaongea kama mtu anayeshusha mizigo. Kwenye ujumbe umekuwa balozi."

"Nikiandika natulia."

"Haya, balozi wangu. Umekula?"

"Bado, laazizi."

"Hilo la laazizi nalipenda. Hilo limetoka kifuani."

Wino akacheka, lakini simu ilipokatika akaanza kuzunguka duka lile dogo, hatua nne kwenda, nne kurudi. Uongo wa kupamba ni kama deni la jirani, kila ukipita mlangoni unatazama pembeni.

Ikaja ile Jumatatu ya tarehe kumi na tatu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mkaguzi yuko njiani. Mwalimu alimtumia Wino andalio lake achape, akasema atapita kulichukua jioni. Wino akalisoma. Ndoo. Plastiki. Ukungu wa mkate. Mkaguzi wa watu, amevaa suti, asomewe ukungu wa mkate? Watamdharau. Naye alikuwa anataka, hata mara moja tu, kumpa mwanamke huyu kitu kinachong'aa. Akaiambia mashine: boresha andalio hili limpendeze mkaguzi.

Mashine hufanya inachoambiwa. Haikuwa na macho ya kuliona darasa, na aliyekuwa ameifahamisha kwa siku tatu hakuwepo hapo kuigombeza. Ikaondoa ndoo, ikaleta maabara. Wino akachapa kwenye karatasi nzito. Mwalimu akapita mbio, basi linaita, akasaini juu ya kaunta bila kusoma, maana nani husoma alichokiandika mwenyewe? Akamfinya Wino shavu. "Asante, balozi." Wino hakumwambia alichobadilisha. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Sasa Jumanne ile, saa tisa alasiri, Mwalimu akaingia dukani na karatasi imekunjwa kama kitambaa cha jasho.

"Uliigusa kazi yangu?"

"Niliipendezesha kidogo, mpe..."

"Usiniite mpenzi sasa hivi. Uliigusa?"

"Niliomba mashine iboreshe. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu! Watoto wangu wameniona ninaitwa mwongo, Wino. Walikuja na mikate yao ya ukungu kwenye mifuko, wamejiandaa wiki nzima. Nani alikwambia kazi yangu ni mbaya?"

Wino akageuza kompyuta amwonyeshe, eti aone kwamba hakuwa na nia mbaya. Hapo akajimaliza. Pembeni ya kioo maagizo yake yote yalikuwa yamejipanga, la juu likiwa lile la kuboresha andalio, na chini yake: ujumbe wa mapenzi kwa mwalimu, ujumbe mwingine, ufanye mtamu zaidi, ufupishe.

Mwalimu akasoma taratibu, mdomo unacheza kama mtoto anayejifunza herufi.

"Hata ule wa kunitakia heri siku ya kuzaliwa?"

Wino akageuza kompyuta ikatazama ukutani.

"Kwa hiyo miezi miwili hii nilikuwa naongea na nani?"

Akatoka. Gauni lile la bluu likapotea katikati ya mabasi, na Wino akabaki ameshika kiti kana kwamba kiti ndicho kinataka kuondoka.

Barua ya ofisi ilifika Ijumaa. Hapo wakubwa hawakuchelewa. Mwalimu kwa kosa la kughushi andalio atahamishiwa, kuanzia muhula ujao, shule ambayo basi hufika mara mbili kwa wiki. Wino alizisikia habari hizo kwenye foleni, kwa walimu wengine. Alipiga simu mara saba, haikupokelewa. Alikuwa anakaa, anainuka, anafungua droo anasahau alichotafuta. Siku ya nane simu yake ikalia, namba ngeni.

"Wewe ndiye Wino?" Sauti ya mwanamke mtu mzima. "Mimi ni dada yake mkubwa Mwalimu."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Na shemeji uiache kwanza, hujaoa hapa. Nakuuliza: mdogo wangu hali, halali, anapanga nguo kwenye sanduku anazipangua. Wewe unafanya nini?"

"Nimepiga, hapokei."

"Kwani aliyemhukumu ni simu? Kosa umefanya wewe, barua kapewa yeye. Kama una mdomo, upeleke unakotakiwa."

Wino akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Ofisi ya elimu ilikuwa na korido ndefu, mabenchi, na mlango mmoja wenye zulia jekundu mbele yake. Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi.

"Nimekuja kuandika maelezo kuhusu ile kesi ya hadubini."

"Yachape, ulete."

"Hapana. Nipe karatasi."

"Mzee, siku hizi hatupokei mwandiko."

"Mwanangu, mimi kuchapa ndiyo kazi yangu, na ndiko kulikotufikisha hapa. Nipe karatasi."

Akaandikia magotini, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka: "Mimi ndiye niliyeharibu. Mwalimu aliandika ndoo na plastiki, kwa sababu ndivyo alivyo navyo. Mimi nikaiambia mashine ipambe, ikaweka hadubini. Yeye hakujua. Mashine haijawahi kuingia darasa lile. Na mimi sijaingia. Na ninyi mliotoa waraka, mara ya mwisho mliingia lini? Msimhamishe. Ndiye peke yake aliyewatii kwa akili yake. Wengine wote wamewapa karatasi tu, mimi nimezichapa, najua." Akamlazimisha karani agonge muhuri wa kupokelewa, akapeleka nakala kwa mwalimu mkuu wa shule.

Kesho yake, saa nne, simu ikalia.

"Wino."

"Naam." Akasimama, japo alikuwa peke yake.

"Nimesoma nakala. Mwalimu mkuu kaisoma kwa sauti chumba cha walimu, wote wametazama chini. Mwandiko wako ni kama kuku amekimbizwa na mbwa."

"Nilijua utasahihisha."

"Sijasahihisha. Nimeusoma mara tano. Bado nina hasira, usifurahi."

"Sifurahi. Nimesimama tu."

"Basi kaa, mwanaume wewe. Kesho naenda kumwona mkubwa wa elimu nikate rufaa. Uje. Shahidi asiyeonekana hana kazi."

Wakaenda. Wakaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Wakarudi siku nyingine, yuko kikaoni. Wiki ya tatu muhula umebakiza siku nne, na wao wako palepale, benchi moja, mlango uleule wa zulia jekundu. Mwalimu alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakasirika. Goti lake lilikuwa linacheza. Wino akaweka kiganja chake juu ya goti lile, likatulia kidogo.

"Nataka kusema kitu," akasema. "Hakijapita popote. Kikiwa kibovu, ni changu."

"Sema."

"Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja nimekijaza maboksi ya karatasi, nitayatoa. Nikiwa na hasira nanyamaza sana. Nakoroma. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utaniona sijui kitu. Nataka nikuoe. Basi."

Mwalimu akamtazama, mdomo unazuia kicheko.

"Hakuna nuru? Hakuna njia za moyo?"

"Hakuna, laazizi. Kuna kukoroma."

"Nimekubali."

Alilisema kwa sauti ya darasani, mpaka wote waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka, na mama mmoja mwenye faili akapiga kigelegele akakumbuka yuko ofisini, akajiziba mdomo. Wino hakujua mikono aiweke wapi. Akamshika vidole, akavihesabu kama mtu anayehakikisha mzigo umefika wote.

Kisha Mwalimu akainuka, akamshika mkono, wakaenda pamoja mpaka kwenye meza ya karani.

"Bado yuko kikaoni," karani akasema kabla hajaulizwa.

"Najua. Mimi na huyu tunaoana. Ana duka hapa, na barua yenu inasema mimi ni wa kule basi linakofika mara mbili kwa wiki." Akaegemea meza, sauti yake imetulia kabisa. "Ingia ukamuulize mkubwa: nyumba yetu iwe wapi?"