Dirisha la Marehemu Arvo

Saa tatu asubuhi, kabla Corinne Maki hajaigusa kahawa yake, seva ilikuwa imeshachoka. Prosesa, ubongo wa mashine, ilisoma asilimia mia. Seva yenyewe ilikuwa mji wa Thunder Bay, kilomita mia tatu kutoka jikoni kwake, lakini jikoni kulinukia iliki, kana kwamba mtu ametoka kuukata mkate wa pulla, ule mtamu wa Kifini wenye iliki, pale mezani.

Simu ikalia. Denise, bosi wake, alinong'ona kama mtu aliyejificha chooni.

"Ramani za ambulensi zimeganda tena. Wakubwa wanakaa kikao saa tatu na nusu, wanataka jina la mtu wa kufukuza. Nipe sababu, mwaya, la sivyo wanakutoa wewe."

"Nipe saa moja."

"Huna saa moja."

Akafungua orodha ya walioingia kwenye seva. Majina mawili: lake, na la Arvo Lehtinen. Arvo aliyemfundisha kazi. Arvo wa mkate wa iliki kila Ijumaa. Arvo waliyemzika wiki tatu zilizopita.

Mwanzoni hakuogopa. Mafundi wote wana uvivu huo: hufunga dirisha bila kutoka, na kazi huendelea kule mbali bila mwenyewe. Arvo alikuwa akimfokea kwa hilo hilo. "Toka kabisa, mwanangu! Usiache mlango wazi." Na akaunti ya mzee ilipaswa kufutwa siku ya mazishi, ila Corinne hakuweza; aliona ni kumzika mara ya pili. Upuuzi mtupu, alijiambia sasa, akabonyeza kuomba kulitazama dirisha la mzee. Ombi kama hilo, sharti mwenye dirisha akubali kwanza.

Likakubaliwa.

Maelfu ya mistari ya kumbukumbu za seva ilikuwa ikipita mbele ya macho yake, na katika kila mstari wa ile hitilafu ya Septemba iliyogandisha ramani mara ya kwanza, kosa la Arvo mwenyewe, ambayo Corinne alimwapia Denise kwamba hajui imetoka wapi, jina la Arvo lilikuwa likifutika herufi kwa herufi na jina la Corinne likiandikwa mahali pake, na kando yake ilikuwa wazi barua ya Arvo ya kumshtaki Corinne, yenye tarehe ya Septemba hiyo hiyo, mzee akiwa mzima wa afya, akimkatia mkate wa moto na kumwita mwanangu.

"Mzee," alinong'ona, "nimekukosea nini?"

Mistari ikasimama. Maneno yakaja polepole, kwa kidole kimoja, kama Arvo alivyochapa maisha yake yote:

*Mke wangu atabaki na jina langu likiwa safi. Wewe bado kijana, utapata kazi nyingine.*

"Na mimi nilikutetea! Mnafiki mkubwa we!"

Akamtoa kwenye seva. Kabisa. Prosesa ikashuka hadi asilimia nne. Harufu ya iliki ikapotea.

Simu ikalia tena. "Seva imekuwa nyepesi," alisema Denise, bila furaha. "Na barua yako ya kukiri kosa la Septemba imefika. Corinne, ulinitazama machoni ukaniambia hujui."

"Sijaandika barua yoyote!"

"Ina jina lako." Akakata.

Corinne akairudia orodha. Majina mawili. *Corinne Maki. Corinne Maki.* Prosesa thelathini, sitini, mia. Iliki ikarudi, safari hii nyuma ya kiti chake, yenye joto, kama pumzi ya mtu aliyeinama kusoma juu ya bega lake. Na kwenye kioo cha kompyuta likatokea ombi:

*Corinne Maki anaomba kulitazama dirisha lako. Unakubali?*

Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Likakubaliwa.