Bamba la Matundu Sita

Mikono miwili iliishika kadi ile kwa wakati mmoja, na hakuna uliokubali kuiachia.

Ilikuwa ya mwisho dukani, kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta za zamani, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika hadi watu wanakanyagana. Mkono mmoja ulikuwa na grisi kwenye kucha. Mwingine ulikuwa safi, umechomoza kwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika.

"Dada, nimewahi mimi."

"Umewahi kwa macho, kaka. Mimi nimewahi kwa mkono."

Muuzaji akaangua kicheko. Yule kijana alivua miwani yake, ambayo kipini kimoja kilikuwa kimefungwa tepu nyeusi, akamtazama vizuri: ovaroli la bluu, kitambaa cha zambarau kichwani, macho yasiyoomba radhi.

"Unaitakia nini?"

"Mashine ya kuchonga chuma, ya marehemu baba. Kompyuta iliyokuwa ikiiongoza imekufa, na kampuni iliyoiunda haiitengenezi tena. Nimesoma kuwa kuna programu huria, mtu unaipakua bure, unaifungua ndani na kuirekebisha, na mashine inatembea."

"Inatembea. Ndiyo kazi yangu hiyo." Akaachia kadi. "Chukua. Ila na mimi nije niione hiyo mashine."

"Mashine au mwenye mashine?"

Kijana akavaa miwani, na masikio yake yaliyowaka yakamsema.

Mtaa mzima ulimwita mwanamke yule Binti Fundi. Yeye naye akambatiza kijana jina la Miwani, na tangu siku hiyo kila jioni Miwani akitoka kazini alikuwa karakanani, shati jeupe na yote, akiunga waya chini ya meza. Simu nazo hazikulala.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi la chuma."

"Nikuletee nini, mpenzi?"

"Jilete mwenyewe." Binti Fundi akakata simu upesi, uso unamwaka moto, tena alikuwa peke yake.

Lakini mapenzi yao yalikuwa na saa ya ukutani juu yake. Kaka yake Binti Fundi alikwisha choka kuona chumba kizima kimekaliwa na chuma kisichofanya kazi mwaka wa pili sasa. Alitaka kufungua duka pale. Alikuja, akasimama mlangoni mikono mifukoni, akatoa neno.

"Jumamosi ya nne kutoka leo, saa sita mchana. Nichongee bamba la matundu sita la ile pampu ya maji. Boliti zote sita zikiingia kwa vidole, bila nyundo, mashine inabaki. Zikikataa, lori linaibeba kwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Usinilaumu, mdogo wangu."

Na mashine ilikuwa na ugonjwa wake. Skrubu ndefu inayoisukuma meza ya mashine ilikuwa imelika, hapa sana, pale kidogo. Programu ingeweza kulifidia hilo, mradi iambiwe imelika wapi na kwa kiasi gani. Basi Binti Fundi akaipima kwa saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha hata unene wa unywele, sentimita baada ya sentimita, vilevile baba alivyomfundisha. Siku kumi na saba. Mgongo ulimuuma hadi akawa anakunywa chai amesimama. Miwani akaviingiza vipimo kwenye faili la kompyuta, wakatoboa bamba la kwanza, na matundu yakatoka mabaya kuliko mwanzo. Miwani akabadilisha waya. Yakatoka mabaya tena.

Alhamisi, siku mbili kabla ya lori, kaka alimnyooshea simu. "Mbona mashine ya baba iko mtandaoni?"

Ilikuwepo kweli. Picha zake, na chini ya picha, faili zima la vipimo. Watu mia mbili walikwisha lifungua.

Jioni hakumwachia Miwani hata nafasi ya kukaa.

"Umeianika mashine ya baba yangu!"

"Niliomba msaada. Sisi wa programu huria ndivyo tulivyo, unapewa na wewe unatoa."

"Toa chako! Zile ni siku zangu kumi na saba. Uliniuliza?"

"Nilikwama, mpenzi. Niliona haya kukwambia."

"Usiniite mpenzi. Toka."

Alitoka kinyonge. Simu iliita mara saba usiku na mchana uliofuata, na mara zote saba Binti Fundi aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, moyo unataka na mkono unakataa.

Jumamosi saa tano lori lilikwisha fika. Dereva alikuwa anakunja minyororo. Bamba la asubuhi lilikuwa limekataa kwenye boliti ya tatu. Binti Fundi akalifungua lile faili la mtandaoni ajue angalau ni nini hasa kilichogawiwa watu, na juu kabisa, kabla ya tarakimu yoyote, akakuta maneno ambayo hakuwahi kuyaona:

*Vipimo hivi vimepimwa kwa mkono na Binti Fundi, siku kumi na saba. Atakayevitumia amtaje yeye. Mimi niliandika tu.*

Alimpigia Miwani simu kabla hajajizuia.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Sawa. Nisikilize tu. Kuna fundi mstaafu huko mtandaoni ameniuliza swali, sina jibu lake. Ulianza kupima upande gani?"

"Kulia. Wapi tena?"

"Programu inaanzia kushoto," alisema Miwani taratibu. "Kila mtu anaanzia kushoto."

"Baba alikuwa mashoto. Vitu vyote alianzia kulia, na mimi nimejua hivyo hivyo..." Akaziba mdomo. Wiki nzima walikuwa wameiambia mashine kwamba penye ubovu ni pazima na pazima ni pabovu.

"Geuza orodha. Ya mwisho iwe ya kwanza. Penye kujumlisha weka kutoa."

"Ni mistari sitini! Kaka yuko nje na lori!"

"Nisomee. Mimi nakagua huku natembea, nakuja."

Alisoma, akaandika, jasho linadondokea vitufe. Honi ikalia nje. Alipobonyeza, meza ilisogea bila ule mtikisiko aliouzoea, keekee ikashuka, na harufu ya mafuta ya moto ikajaa chumba. Tundu moja. Mawili. Sita.

Kaka alilichukua bamba bado lina joto, akaliweka juu ya pampu, akaanza mwenyewe. Boliti ya kwanza iliingia. Ya pili. Ya tatu, pale lilipokataa asubuhi, iliingia. Ya nne na ya tano zikafuata. Ya sita ikasita, na Binti Fundi akaacha kupumua. Kaka aliizungusha kwa vidole viwili, na ikazama.

Alilipapasa bamba kwa kidole gumba, machozi yakimlengalenga, Binti Fundi akimweleza lile kosa la kulia na kushoto.

"Mzee yule alikuwa anafunga hata vifungo vya shati kinyumenyume," alisema mwishowe, akatoka kulirudisha lori.

Miwani alikuwa mlangoni anahema, shati limekunjamana.

"Ningekuuliza kwanza," alisema. "Nisamehe."

"Ungeniuliza. Na mimi ningepokea simu saba." Alichukua mezani kalipa yake ya kupimia unene. "Nyoosha mkono. Wa kushoto."

Taya baridi za kalipa zilikishika kidole chake cha pete. "Milimita kumi na tisa nukta nane," alisema Binti Fundi, akaandika daftarini.

"Unapima nini?"

"Kazi inayofuata. Ina tundu moja tu."

Miwani alikitazama kidole, akamtazama yeye, na sauti ikamtoka ndogo. "Nilidhani mwanamume ndiye anayechumbia."

"Mashine ni ya nani?"

"Yako."

"Basi nijibu."

"Ndiyo," alisema Miwani. "Ndiyo, hata leo."

"Vizuri. Na hili faili la pete," alisema Binti Fundi, akimfuta Miwani shavuni grisi ambayo vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeipaka sasa hivi, "usimpe mtu."