Muhuri wa Siku ya Mwisho

Hebu piga picha meza ndogo, taa, na bahasha nyeupe. Ndani ya bahasha hamna barua, ila kadi tupu ya kuikaza isikunjike. Juu yake, mwenye bahasha ameandika jina lake na anwani yake mwenyewe. Usimcheke. Ndivyo wafanyavyo wakusanyaji wa mihuri ya posta: huituma bahasha melini, karani wa posta wa meli huigonga muhuri, kisha huirudisha kwa mwenyewe.

Meza hiyo ilikuwa ya dada mmoja, fundi wa kujalidi vitabu. Meli ilikuwa manowari kongwe iliyopigana vita viwili, na mabaharia wake waliiita Bibi Kizee. Karani wake wa posta alikuwa kaka wa yule fundi, wa tumbo moja.

Siku ya mwisho ya Bibi Kizee kazini, meli ikiwa imefungwa gatini, dada alimpelekea kaka bahasha pamoja na kijikaratasi: "Kaka, huu ndio muhuri wa mwisho. Usiache kugonga mpaka utoke safi."

Jioni hiyo moto ulizuka kwenye chumba cha mashine. Mabaharia wote walishuka. Karani hakushuka, na mwili wake haukupatikana.

Miaka minne ikapita. Ndipo sauti ikaanza.

Tap... dup.

Ilitoka ukutani, chumbani kwa mama yao, aliyeishi na fundi, kila jua lilipozama. Tap, kama muhuri unaochovywa wino. Dup, kama muhuri unaoshuka juu ya karatasi. Nyuma yake ilikuja harufu ya wino na mafuta yaliyoungua. Fundi alihamisha kabati, akamwita mwashi. Ukuta ulikuwa mzima.

Aliyedhoofika ni mama. Aliacha kula. Daktari alimpima mara mbili asione ugonjwa. Kila alipobembelezwa alijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Mwanangu yuko kazini, hajala. Nitakula akimaliza." Mashavu yakabonyea. Pete ikawa inadondoka kidoleni. Siku ya tisa hakuweza kuinua kichwa.

Jioni hiyo fundi alitwaa mkoba wake kama anayekwenda dukani, akaelekea gatini, ambako gofu la Bibi Kizee limelala ubavu. Mlinzi wake alikuwa mzee aliyewahi kuchochea matanuri ya meli hiyo. Watu walimwita Masizi. Alimtania kama kawaida yake, kwamba watu wa mihuri ni viumbe wa ajabu, wanaletewa barua wanasoma bahasha. Kisha akaona macho yake, akaacha mzaha.

Fundi akamwuliza jambo ambalo kwa miaka minne hakuthubutu kuliuliza. Kaka yake alikwama wapi?

Masizi aliangalia maji.

"Nilimrudia, binti yangu," alinong'ona. "Moshi ulikuwa umefika hapa, shingoni. Nikamvuta shati. Akaniambia, 'Subiri kidogo, Masizi. Wa dada haujatoka safi.'"

Upepo ukakata.

Ndani ya gofu, mbali kabisa... tap. Dup.

"Mimi pia namsikia," Masizi akasema. "Mwambie aache. Wewe ndiye uliyemwagiza."

Mkoba wa mkusanyaji haukosi bahasha. Fundi alitoa moja, na kwenye kadi akaandika: "Kaka, muhuri umetoka safi. Inatosha. Pumzika." Akaitia ndani, akafunga, akaandika juu, akaidumbukiza kwenye sanduku la barua la meli, lililobaki likining'inia pale penye ngazi.

Tap...

Akangoja.

Dup haikuja.

Alirudi nyumbani mbio. Kimya. Mama alikuwa ameketi mezani peke yake, amejifunga kanga yake vizuri, anaomba chakula. Fundi alipakua huku akilia kwa furaha. Ni pale alipoweka sahani mezani ndipo alipoona doa la wino kidoleni, akakumbuka alichoandika juu ya ile bahasha.

Halikuwa jina la kaka yake. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Jina lake yeye. Mtaa wake. Namba ya mlango.

Kwa hiyo ilibidi irudishwe.

Nje, uani, zilisikika nyayo. Viatu vilivyolowa maji. Vikaja taratibu. Vikasimama.

Bahasha ikapenya chini ya mlango.

Muhuri ulikuwa safi kuliko yote aliyowahi kuiona, kila herufi inasomeka. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile ya mwisho ya Bibi Kizee. Wino ulikuwa mbichi.

Alisubiri nyayo ziondoke.

Hazikuondoka.

"Kamaliza," mama alisema, akisogeza sahani ya pili. "Mfungulie kaka yako, tule."

Mama yu hai mpaka leo, na mashavu yamejaa tena. Masizi anasema gofu liko kimya. Fundi hatumi bahasha tena, wala hakaribishi wageni. Jirani anayetazamana na ua wao hajui lolote kuhusu mihuri. Anachojua ni kwamba pale wanaishi wanawake wawili, na kila jioni huoshwa sahani tatu.

Basi nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukiwahi kumwandikia aliyekwenda, mwambie yote yaliyo moyoni mwako. Ila anwani yako, tafadhali, usiiandike.