Kitambaa Kikavu cha Baba

Kila Jumamosi mama aliosha gari la marehemu mumewe. Lilikuwa pikapu kuukuu, rangi imebabuka, lakini lilikuwa linawaka. Mumewe alilitumia kubebea mikate kwa miaka ishirini. Alipofariki, binti yao mshonaji alijifunza kuliendesha, na mama akabaki na ndoo na sabuni. Ukimwambia apumzike, anakununia.

Kisha hospitali ikamwita mama kwa upasuaji wa jicho. Alikuwa amesubiri miezi saba. Jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa, na la pili lilikuwa linafifia. Aliambiwa afike saa tatu asubuhi. Akichelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, mama aliosha gari kuliko siku zote. Alifungua hata boneti, akaimwagia injini ndoo mbili za maji. Hakumwambia mtu.

Saa moja asubuhi binti alitia ufunguo. Injini ilizunguka, haikuwaka. Akarudia, akarudia tena. Basi la kwenda hospitali lilikuwa limeshapita alfajiri. Mama alikaa garini, mkoba mapajani.

"Labda baba yako hataki niende," alisema hatimaye.

Maneno hayo yalimchoma binti. Alikimbia kwa jirani yao, fundi mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Spana.

Spana alikuja na kikombe cha chai mkononi. Kwanza alimwambia binti aondoe mkono kwenye ufunguo. Alieleza kwamba ukiendelea kupiga stata, ile mota inayozungusha injini, unamaliza betri na kuunguza stata yenyewe, halafu tatizo moja linakuwa matatu. Akahakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Ndipo akamwomba ajaribu mara moja tu.

"Inazunguka kwa nguvu," alisema. "Basi betri haina kosa. Sasa injini hii inataka petroli na cheche ya umeme. Tutafute kilichokosekana. Hatubahatishi."

Alifungua plagi moja, kile kijiti kinachotoa cheche ndani ya injini, akaikuta imelowa petroli. Petroli basi ilikuwa inafika. Waliiacha harufu iishe kabisa, kwa sababu petroli na cheche vikikutana nje ya injini, watu wanaungua. Kisha akairudisha plagi kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma, mbali na tundu lake, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Binti akawasha. Hakuna cheche.

Spana akafungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi. Ndani mlikuwa na matone ya maji. Akauliza nani ameosha injini.

Mama alishuka polepole. "Ni mimi," alisema. "Marehemu alikuwa anaisafisha kila Jumamosi. Nilitaka ajue nimelitunza gari lake."

Spana hutania kila mtu, hata kwenye foleni ya maji. Siku hiyo alitazama chini.

"Shemeji, injini alikuwa anaifuta kwa kitambaa kikavu," alisema. "Maji yake yaliishia kwenye bodi na magurudumu."

Mama aliingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa kitambaa kikavu, cheusi kwa madoa ya grisi. Miaka nenda rudi alimgombeza mumewe juu ya uchafu ule. Lakini kukitupa hakuwa na moyo huo.

Spana alikipokea, akafuta kifuniko ndani na nje, kisha nyaya na plagi, moja moja. Binti alitazama saa, akatazama tena. Kila kitu kiliporudi mahali pake, akawasha. Injini ilikohoa, ikawaka. Mama alilia waziwazi. Walifika hospitali zimebaki dakika tano.

Wiki sita baadaye, Jumamosi, mama aliosha bodi na magurudumu. Akaweka ndoo kando. Injini ilikuwa imepoa, akafungua boneti na kushika kitambaa. Kwa jicho lake lililopona aliona maandishi madogo ya rangi nyeupe upande wa ndani wa boneti. Mwandiko ulikuwa wa mumewe: MAJI HAPANA.

Binti alikuwa ameyaona tangu asubuhi ile ya hospitali, akanyamaza.

"Alinijua," alisema mama, akaanza kufuta.